Cheti, Pasipoti na Kazi ya Kufundisha Kiingereza Ng'ambo

Vijana waliomaliza chuo Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kigali wamelizoea tangazo la namna hii: wanatakiwa walimu wa Kiingereza Bangkok, Hanoi au Seoul, mshahara mnono, nyumba ya bure, tiketi ya ndege inalipwa, cheti cha ualimu si lazima. Kwa mhitimu aliyetembeza bahasha ya kaki miaka miwili mitatu bila kuitwa hata kwenye usaili mmoja, maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomvuta. Kiingereza anakijua, amefanyia mitihani yake yote ya sekondari na chuo kwa lugha hiyo, na sasa anaambiwa kwamba kukijua kunatosha. Ni kweli pia kwamba wapo watu wengi wanaofundisha Kiingereza barani Asia ambao hawajawahi kukanyaga chuo cha ualimu. Lakini ukweli huo ni wa watu wenye pasipoti fulani. Kadiri pasipoti ya mtu ilivyo mbali na zile zinazopendelewa, ndivyo cheti kinavyozidi kuwa cha lazima kwake. Anayeondoka Afrika Mashariki akitegemea Kiingereza chake peke yake anaingia kwenye soko hilo akiwa hana kitu cha kumtetea, si mbele ya mwajiri wala mbele ya afisa wa uhamiaji.

Tuanze na Korea Kusini, maana ndiyo inayotajwa sana. Huko watoto wakitoka shule jioni huenda kwenye vituo vya tuisheni vinavyoitwa hagwon, na Kiingereza ni miongoni mwa masomo ambayo wazazi huyalipia bila kusita. Mgeni anayetaka kufundisha humo huomba viza ya aina ya E-2. Masharti yake si mengi: shahada ya kwanza ya fani yoyote, hati ya polisi inayoonyesha kuwa hana rekodi ya uhalifu, na uchunguzi wa afya pamoja na kipimo cha dawa za kulevya. Kwa vituo vya tuisheni, cheti cha ualimu hakimo katika orodha hiyo. Kuna sharti moja, hata hivyo, linalotangulia yote: mwombaji awe raia wa Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi au Afrika Kusini. Nchi saba, basi. Mkenya mwenye shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza anakwama kwenye sharti hilo, na kijana wa Toronto aliyesomea usimamizi wa hoteli anapita. China nayo, ilipounganisha mfumo wake wa vibali vya kazi mwaka 2017, ilielekea hukohuko. Kanuni yake inataka mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada, na awe amefanya kazi miaka miwili. Na kwa Kiingereza, nchi zinazohesabiwa ni hizohizo.

Mtu anaweza kudhani orodha hiyo imetengenezwa kwa kuangalia nani hasa anazungumza Kiingereza. Afrika Kusini inatuonyesha kuwa sivyo. Sensa ya nchi hiyo ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba chini ya asilimia 10 ya wananchi ndio wanaozungumza Kiingereza zaidi nyumbani kwao. Walio wengi hulelewa kwa Kizulu, Kixhosa, Kiafrikana na lugha nyingine, na Kiingereza wanakutana nacho shuleni. Kwa maneno mengine, hali yao haiko mbali na ya Mkenya, ambaye katiba yake ya mwaka 2010 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, wala na ya raia wa Uganda anayesoma kwa Kiingereza tangu madarasa ya msingi. Kinachotofautisha ni jalada la pasipoti. Kwa hiyo tangazo linaposema cheti si lazima, msomaji wa huku hana budi kujiuliza: si lazima kwa nani?

Chanzo cha fikra hii ya kuwapendelea waliozaliwa na Kiingereza kwa sehemu kiko hapa kwetu. Mwaka 1961 Makerere, Uganda, ilipokea mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Kati ya misimamo iliyotoka humo, miwili iliongoza fani hii kwa miongo mingi: kwamba Kiingereza kinafundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza kitupu, na kwamba mwalimu bora wa lugha hiyo ni yule aliyezaliwa nayo. Mwanaisimu Robert Phillipson aliuchambua mkutano huo katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha mwaka 1992, akaonyesha kwamba misimamo hiyo haikusimama juu ya ushahidi wa madarasani, na kwamba iliwanufaisha walimu, wachapishaji na taasisi za nchi zilezile zilizokuwa zinatoa ushauri. Chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, nacho kilitoa tamko mwaka 1991, kisha jingine mwaka 2006, kupinga ubaguzi dhidi ya walimu ambao hawakuzaliwa na lugha hiyo. Kitaaluma, mjadala huu umekwisha zamani. Uliobaki ni wa sheria za uhamiaji na mapendeleo ya wazazi wanaolipa ada.

Anayetaka kujithibitishia kwamba kuzaliwa na lugha hakumfanyi mtu kuwa mwalimu, aiangalie lugha yake mwenyewe. Mswahili wa Lamu au wa Mji Mkongwe husema kitabu changu na kiongozi wangu tangu utotoni, na hakosei. Mgeni anayejifunza akimuuliza kwa nini maneno mawili yanayoanza kwa ki- yanachukua viambishi tofauti, wengi wetu tutamjibu kwamba ndivyo tunavyosema. Aliyesomea kufundisha atamweleza kwamba majina ya viumbe hai hufuata upatanisho wao hata yakiwa na umbo la ngeli nyingine, atampa mifano mitano, atampa zoezi, na atajua kosa gani mwanafunzi huyo atalifanya kesho. Ujuzi huo hauji kwa kuzaliwa, wala hauji kwa kupata alama A kwenye mtihani wa kidato cha nne. Hoja hii basi inakata kuwili. Inambomoa yule anayeajiriwa kwa sababu tu alizaliwa London, na inambomoa pia mhitimu wetu anayedhani kwamba kwa kuwa anaongea Kiingereza kizuri, darasa la watoto arobaini wa Hanoi litamtii. Waliotutangulia walilijua hilo. Mwaka huohuo wa 1961 ulianza mpango ulioitwa Teachers for East Africa, ulioleta Wamarekani kufundisha katika sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Wale waliokuja na shahada tu, bila mafunzo ya ualimu, walipitishwa kwanza kwenye stashahada ya ualimu palepale Makerere, ndipo wakapelekwa madarasani. Waliozaliwa na Kiingereza walifundishwa kukifundisha kabla ya kukabidhiwa watoto wetu.

Ukizisoma sheria za nchi zinazoajiri kwa kutafuta mahali ambapo mtu asiye wa nchi zile saba ameruhusiwa kupita, utaona kwamba karibu kila mara kinachompitisha ni cheti au kitu kinachofanana nacho. Korea Kusini ilipotia saini mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na India, ulioanza kutumika mwaka 2010, Wahindi waliruhusiwa kuingia kama walimu wasaidizi wa Kiingereza, kwa sharti la shahada pamoja na leseni ya ualimu. Sharti ambalo kijana wa Toronto hatakiwi kulitimiza kwenye kituo cha tuisheni ndilo lililowafungulia Wahindi. Nchini China, kanuni niliyoitaja inamsamehe ule uzoefu wa miaka miwili mtu mwenye shahada ya ualimu, leseni ya ualimu ya nchini kwake, au cheti cha kimataifa cha kufundisha lugha. Vietnam, kupitia waraka wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2018 kuhusu vituo vya lugha, ilitaka hata Mwingereza awe na cheti cha kufundisha pamoja na elimu ya chuo. Mgeni ambaye hakuzaliwa na lugha anaongezewa uthibitisho wa kiwango chake cha Kiingereza, au awe amesomea ualimu wa lugha hiyo chuoni. Masharti haya hubadilika mara kwa mara, na kila mwombaji ayahakiki ubalozini siku anapoomba, lakini yote yanaelekea upande mmoja.

Japani inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu yenyewe haiangalii pasipoti kama Korea. Kwa viza ya kufundisha lugha katika shule za msingi na sekondari, sheria yake inataka mwombaji awe na shahada na awe amesomeshwa kwa lugha hiyo kwa muda usiopungua miaka 12. Tupige hesabu. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4, ambaye shule yake ilifuata sera ya kufundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, ana miaka mitano ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu: jumla 13, anapita. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Akiongeza miaka sita ya sekondari na mitatu au minne ya chuo kikuu, anapata tisa au kumi. Hapiti, hata kama Kiingereza chake kinamzidi Mkenya huyo. Mwenzake wa mtaa uleule aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza anapita. Hakuna tangazo litakalomweleza haya. Atayajua akiwa ameshalipa ada ya dalali, ameshaacha kazi yake, na ameshawaaga ndugu.

Hapo ndipo Thailand inapoingia, maana ndiko wanakoelekezwa wengi waliokataliwa kwingine. Sheria yake haina orodha ya nchi saba, na hitaji la walimu ni kubwa, hasa shule za mikoani. Njia halali inajulikana: viza ya kazi ya aina ya B inayoombwa kabla ya kusafiri, kibali cha kazi kutoka mamlaka za kazi, na ruhusa ya Baraza la Walimu la Thailand, ambalo kwa asiye na leseni hutoa msamaha wa muda wa hadi miaka miwili kwa maombi ya shule, mradi awe na shahada. Asiye wa nchi za Kiingereza huombwa pia matokeo ya mtihani wa kimataifa wa lugha. Njia ya mkato nayo inajulikana. Mtu anaingia kwa viza ya utalii, shule inamwambia aanze kazi wakati karatasi zinashughulikiwa, na karatasi hazishughulikiwi kwa sababu hakuna cha kushughulikia: hana cheti, hana matokeo ya mtihani, pengine hata shahada hana. Muda wa viza unapokaribia kwisha anavuka mpaka na kurudi ili agongewe muhuri mwingine. Analipwa mkononi. Hana bima, hana likizo, na mwisho wa muhula shule ikitaka kumwacha inamwacha tu. Akikamatwa, yeye ndiye anayetozwa faini, anayerudishwa kwao na kupigwa marufuku kuingia tena. Mkuu wa shule anatangaza nafasi upya.

Katika hali hiyo hana nguvu ya kudai hata mshahara uliobaki, na hili ndilo ambalo wanaosifia kazi bila cheti hulipita haraka. Kila haki ya mfanyakazi mgeni hushikiliwa na kibali chake. Mwenye kibali akidhulumiwa ana mahali pa kushtaki. Asiye nacho, akienda kushtaki, anajishtaki mwenyewe. Mwenye cheti anaweza kukataa ofa mbaya kwa sababu anajua shule nyingine inaweza kumwombea ruhusa kihalali. Asiye nacho anabaki alipo. Ujuzi wa darasani ni nusu tu ya thamani ya cheti; nusu ya pili ni kwamba mwenye nacho anaweza kuondoka.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya kuliko kudhulumiwa mshahara. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwatahadharisha raia wake kuhusu kazi za uongo zinazotangazwa Thailand. Vijana kutoka Afrika Mashariki waliahidiwa kazi za ofisini zenye malipo mazuri, wakapokelewa uwanja wa ndege Bangkok, wakasafirishwa kwa gari hadi mpakani na kuvushwa hadi Myawaddy upande wa Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni chini ya vipigo. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 wanashikiliwa katika kazi za namna hiyo Myanmar, na wengine wapatao 100,000 Kambodia. Maelfu waliachiliwa mwanzoni mwa mwaka 2025, miongoni mwao Waethiopia, Wakenya na raia wa Uganda. Wanaotafutwa na magenge haya ni watu wanaojua Kiingereza na kompyuta, wenye elimu na wasio na kazi: watu walewale wanaolengwa na tangazo la kufundisha. Kazi halali ya ualimu huuliza maswali mengi. Inataka nakala za vyeti, hati ya polisi, usaili, somo la majaribio, na viza inayotolewa kabla ya safari. Mwajiri asiyetaka kujua kama unaweza kufundisha huenda hana mpango wa wewe kufundisha kabisa.

Kuna hoja za upande wa pili, na zinastahili majibu. Ya kwanza husema: mbona wapo waliokwenda bila cheti na wamefanikiwa? Wapo kweli. Kuna waliofika, wakafanya kazi kwa bidii, wakapendwa na wanafunzi wao, na baadaye wakasomea kozi hukohuko wakapata vibali. Lakini tunawasikia hao kwa sababu ndio wanaosimulia. Aliyerudishwa kwa aibu hasimulii, na aliye Myawaddy hana simu. Tena ukifuatilia mwisho wa hadithi za mafanikio, mara nyingi utakuta kwamba kilichomtoa mtu kwenye wasiwasi hadi kwenye kazi ya kudumu ni cheti alichokipata baadaye. Kama mwisho wa njia ni hapo, ni nafuu kuanzia hapo, ukiwa nyumbani kwenu ambako hakuna wa kukufukuza nchini.

Hoja ya pili ni ya gharama, na ina uzito. Kozi inayoheshimiwa sana, kama CELTA ya Cambridge, ina saa zisizopungua 120 za masomo na saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akikuangalia. Ada yake kwa kijana wa kwetu ni mzigo. Kwa upande mwingine mtandao umejaa vyeti vya bei ya chakula cha mchana, ambavyo mtu huvipata kwa kubofya majibu usiku mmoja. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachosimamia kozi hizi, kwa hiyo mnunuzi anabaki na macho yake. Kipimo ni rahisi: je, kuna mtu atakayekuangalia ukifundisha na kukuambia ulipokosea? Kama hakuna, hapo umenunua karatasi. Na mwenye mfuko mdogo ana njia ambayo haitangazwi kwa sababu haina faida kwa muuzaji, nayo ni vyuo vyetu vya ualimu. Stashahada au shahada ya ualimu wa Kiingereza kutoka chuo kinachotambuliwa nchini, ikifuatiwa na usajili wa mamlaka ya walimu na mwaka mmoja au miwili ya kufundisha, ina uzito kwenye kanuni za China, Vietnam na Thailand kuliko cheti cha mtandaoni cha saa 120. Inachukua muda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mfumo huu ni wa kibaguzi, kwa nini tuuinamie? Kwa nini Mwafrika atakiwe kuleta vyeti vitatu pale mwenzake anapoleta pasipoti? Nakubali kwamba ni ubaguzi, na nimeonyesha kwamba wataalamu wenyewe wa fani wameukataa. Ila kwenda bila cheti hakuupunguzi hata kidogo. Mwajiri anayemlipa mwalimu wa Kiafrika nusu ya mwenzake mweupe anafurahi kumkuta hana karatasi, maana ana sababu tayari. Wafilipino walikabiliwa na dharau hiyohiyo, na njia waliyoichagua inatufaa. Tangu miaka ya 1990 ualimu nchini kwao unahitaji leseni inayopatikana kwa mtihani wa taifa, na serikali yao imekuwa kwa miongo kadhaa na chombo maalumu cha kusimamia ajira za ng'ambo. Sasa ni wizara kamili. Leo wamejaa katika shule za Thailand. Mishahara yao bado iko chini ya ile ya Wamarekani, na hilo ni dhuluma inayoendelea, lakini wako madarasani kihalali na nchi yao inaweza kuzungumza kwa niaba yao. India iliupata mlango wa Korea kwa meza ya mazungumzo. Serikali zetu zinapojadiliana biashara na Seoul, Beijing au Tokyo, walimu wawe kwenye orodha, na leseni za walimu wetu ziwe tayari kuwekwa mezani.

Kabla ya kuwalaumu wageni kwa kudai vyeti, tukumbuke kwamba nasi tunavidai. Nchini Kenya hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu. Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu mwaka 2018, na sheria yake ya ajira za wageni ya mwaka 2015 ilikaza masharti kwa walimu kutoka nchi jirani waliokuwa wakifundisha katika shule za mchepuo wa Kiingereza. Wazazi wengi waliunga mkono, wakisema watoto wao wanastahili mwalimu aliyesomea kazi yake. Mtoto wa Chiang Mai, Thailand, naye ana mzazi anayesema hivyohivyo. Anayeingia darasani bila kujua kufundisha anamchukulia mtoto huyo mwaka wa masomo ambao haurudi, na umbali wa nchi haubadilishi kitu.

Kuhusu mahali pa kwenda, macho yetu yamezoea Asia na Ghuba kiasi cha kusahau kwamba soko jingine liko karibu. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na walimu kutoka Uganda na Kenya wakapata kazi huko. Mwaka 2022 ilipokea zaidi ya walimu 150 kutoka Zimbabwe kwa makubaliano ya serikali kwa serikali, na sifa iliyotakiwa ilikuwa ualimu, si lafudhi. Sudan Kusini ilikifanya Kiingereza lugha rasmi ilipojitawala mwaka 2011. Burundi na Kongo zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Itifaki yake ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, ingawa kila nchi ina ratiba na masharti yake. Na hapo mwalimu wa kwetu ana sifa ambayo Mwingereza hana. Anayefundisha Kiingereza Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura anaweza kumweleza mwanafunzi kwa Kiswahili pale alipokwama. Mkutano wa Makerere ungesema anaharibu somo. Walimu wanaojua madarasa ya lugha nyingi wanajua kwamba anaokoa muda. Mishahara ya huko haifikii ya Seoul. Lakini uzoefu wa miaka miwili unaopatikana huko unahesabika popote, na nauli ya kurudi nyumbani ni ya basi.

Kwa msomaji ambaye tayari ana tangazo mkononi, ushauri ni huu. Kwanza, soma masharti ya viza kwenye ubalozi wa nchi unayokwenda, si kwenye ujumbe wa dalali, na uhakikishe raia wa nchi yako anaruhusiwa. Pili, mwulize wakala leseni yake, kisha uihakiki mwenyewe: Kenya kwenye Mamlaka ya Taifa ya Ajira, Tanzania kwenye wizara inayohusika na kazi, Uganda kwenye Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada. Anayekutoza kabla hujauona mkataba, mwache. Tatu, usikubali kusafiri kwa viza ya utalii kwenda kufanya kazi, hata uahidiwe nini. Nne, usinunue shahada ya kughushi, kwa kuwa hiyo ni kesi ya jinai kila nchi. Na kama bado huna cheti, ahirisha safari, usiahirishe masomo. Kazi hizi zitakuwapo mwakani na mwaka utakaofuata, na atakayezipata kihalali kutoka kwetu ni yule atakayefika akiwa mwalimu.